Mkwe na Mkanda wa Paja

Siku yangu ya kwanza kazini nilikunywa chai nikiwa nimening'inia. Nilikuwa nimeajiriwa kukwea miti na kuchuma mbegu za vitalu vya misitu hapa Lushoto, na nilifika asubuhi nikidhani nitaonyeshwa mti mrefu ili watu waone uhodari wangu. Msimamizi wa Wapandaji, mtu wa Tanga mwenye tumbo kubwa na sauti ya upole, alinivisha mkanda wa mwili mzima, ule unaopita mabegani na kifuani na kuzunguka mapaja yote mawili. Akanifunga kwenye tawi la mgrevilea, miguu ikiachana na nyasi kidogo tu, kisha akanikabidhi kikombe. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini.

"Kunywa taratibu," akaniambia. "Mkanda usiouzoea hapa chini, huko juu hutauamini, na asiyeuamini hukimbilia kushika tawi bovu."

Kabla sijamaliza chai mapaja yalianza kufa ganzi. Hilo nalo lilikuwa somo. Mtu akianguka akadakwa na mkanda asiachwe aning'inie huku watu wakipiga soga, maana damu hubaki miguuni, ashushwe upesi. Ndiyo sababu hatukupanda kamwe bila mwenzi.

Vijana mnaopanda minara ya simu siku hizi mna vifaa vinavyong'aa, hongereni, lakini mambo ni yale yale. Kila asubuhi tuliipitisha kamba vidoleni kama mtu anayechambua maharage, tukitafuta uzi uliolika. Kila mpandaji alikuwa na kamba fupi mbili zenye kulabu za chuma. Ukifungua moja uvuke tawi, ya pili iwe imeshika, na unaifunga juu ya kichwa chako, ili ukiteleza usiende mbali. Mkanda uliokwisha kumdaka mtu haukuvaliwa tena, hata ukionekana mzima. Niliwahi kumwomba Msimamizi anipe mkanda wa namna hiyo nikafungie mbuzi. Alinipa, baada ya kuukata vipande kwa panga.

Nikahamishiwa Mnazi, kule chini kwenye joto, ambako jasho liliwafanya watu watamani kulegeza mikanda. Nilikaa huko nikiota baridi. Halafu nikapelekwa upande wa Mlalo kwenye misonobari, chini ya Mama Mkuu wa Kituo, mwanamke wa maneno machache ambaye hata madereva walimwogopa. Kwake hapandi mtu mpaka mwenzi wake amkague kwa mikono, avute kila kifungo, cha kifua na cha mapaja.

Mwenzi wangu alikuwa Idi, kijana mcheshi, mwepesi mtini kuliko mimi. Alinivuta vifungo kama anayefunga mzigo wa kabichi, nami nikamvuta vivyo hivyo, tukitaniana. Mambo yakawa mazuri hivyo mpaka alipomwoa binti yangu Zaina.

Kwetu mlimani mkwe haguswi. Hata mkeka mmoja hamkai. Tangu harusi ile Idi alinisalimia akiwa ameinama, akatazama nyasi, akasema, "Uko sawa, baba," bila kuninyooshea hata kidole. Ningemlaumu vipi? Angeweka wapi mkono, paja la baba mkwe wake? Mimi mwenyewe heshima ile ilinipendeza. Nilitembea nayo kifua mbele, mpaka siku ilipotaka kuniua.

Asubuhi hiyo kulikuwa na ukungu na baridi, nikavaa koti refu juu ya mkanda. Nilifunga paja la kulia, mtu akaniita kuhusu magunia, niliporudi nikaenda moja kwa moja kwenye mti. Idi alitazama nyasi zake. Nikapanda. Nilipofika karibu na kilele nikafunga kulabu zote mbili, nikawa najiandaa kuegemea nyuma, kuukalia mkanda, ili mikono yote iwe huru kuchuma. Ningeegemea vile mkanda wa paja moja ukiwa wazi, ungenipindua, pengine nichomoke kama mguu kwenye kiatu kikubwa.

Idi aliuona ukanda ukining'inia chini ya koti. Sauti iliyotoka chini sikuwahi kuisikia kwake.

"Baba, usikae! Kumbatia mti."

Mkwe kuniamrisha! Lakini niliukumbatia. Nikamwona Zaina machoni pangu akilia, nikaogopa kweli. Idi alikuja juu akibadilisha kulabu moja baada ya nyingine, bila haraka ya kijinga, mpaka kichwa chake kikafika usawa wa paja langu. Hapo akakwama. Mkono uliosogea kifungoni aliurudisha kwenye shina.

"Shikamoo, baba," akasema, ingawa tulikwisha kuamkiana.

"Marahaba. Funga."

Akafunga. Akavuta mara mbili kwa nguvu, nusura anikate pumzi. Nilianza kucheka, naye akacheka, na Mama Mkuu aliyekuwa amefika chini akatuuliza kama tumekwenda huko kuchuma mbegu au kuchuma vichekesho. Tuliposhuka alisikiliza yote, akasema kwamba juu ya mti hakuna mkwe, kuna aliyefunga na aliyekagua.

Mke wangu alipopata habari alikwenda kuchinja jogoo. Jioni Idi na mimi tulikula sinia moja, kwa mara ya kwanza. Majirani walisema walichosema.

Nimestaafu sasa. Idi ndiye msimamizi, na wapya anawanywesha chai wakiwa wananing'inia. Mimi kazi yangu ni mparachichi nyuma ya nyumba, ambao naupanda nikiwa na mkanda, watoto wa jirani wakinicheka. Ijumaa iliyopita Idi aliingia uani akanikuta nimeshaweka mguu kwenye ngazi. Alipita moja kwa moja mpaka kwangu, akainama, akavuta kifungo cha kulia, kisha cha kushoto. Mke wangu akanong'ona mlangoni kwamba kijana huyu hata hajaamkia. Shikamoo ilikuja baadaye, mkono wake ukiwa bado umeshika mkanda, nami nikaiitikia kwa moyo wote.