Tingatinga ya Mwethya

Kwetu Kanyangi mwethya ni kazi ya pamoja: leo tunachimba shambani kwako, kesho kwangu, na hakuna anayeulizwa amechimba kiasi gani. Kikundi chetu kimechimba hivyo tangu sijazaliwa. Halafu tukataka silanga, bwawa kubwa la kushika maji ya mvua, na akina mama wakaamua migongo imetosha. Wakanunua tingatinga. Ya mitumba, ndiyo, lakini tingatinga!

Mimi ndiye niliyechaguliwa kuiendesha. Niliachia shule kidato cha pili, nikauza chai kwa watu wa kujenga barabara, na opereta mmoja akawa ananifundisha saa ya chakula. Siku tuliyoichukua mjini Salama, muuzaji aliiwasha, akauinua ule mkono wa kuchimba hadi juu kabisa. Akina mama wakapiga vigelegele kando ya lami.

"Pampu ya kuinua mkono ni kama mpya," akasema. Tukaamini.

Ilichimba siku tatu. Ya nne, mkono ukashuka polepole, kama mtu anayesinzia kanisani, na haukuinuka tena.

Ilitupasa kumpigia muuzaji simu kwanza. Lakini nilitamani sana kuuona ule mkono juu, nikachukua spana. Mwenyekiti wetu alinishikia karai la oili. Tulipofungua pampu tukakuta ndani imezibwa na vipande vya mpira wa tairi, vimeungua, vya siku nyingi. Mtu alikuwa ameiziba hivyo isivuje, ili ifanye kazi siku ya kuuzwa.

Muuzaji alipopigiwa akasema, "Mmeifungua wenyewe, sasa mnanililia mimi?" Ndipo tukamshtaki, tukafika mahakamani Kitui.

Nilisimama kizimbani kutoa ushahidi, na sketi ya kuazima. Wakili wa muuzaji akauliza, "Nani alifungua hiyo pampu?"

Kabla sijajibu, mwenyekiti akasimama kule nyuma. "Ni mimi."

"Na mimi," akasema jirani yake. Benchi lote likainuka, hata nyanya wa mkongojo, ambaye hajawahi kugusa spana maishani.

Hakimu akavua miwani. "Akina mama, ketini. Hii si harambee."

"Mheshimiwa," mwenyekiti akasema, "huyu msichana hawezi kubeba hii peke yake. Kazi ilikuwa ya mwethya."

Nililia palepale kwa jinsi walivyonipenda. Nikasema ukweli: ni mimi niliyefungua, na mwenyekiti peke yake ndiye aliyeuona mpira ukitoka. Lakini wakili alikuwa anatabasamu. "Mheshimiwa, dakika moja iliyopita walifungua wote. Tuamini lipi?"

Shahidi wetu wa kweli alikuwa mmoja tu, na sasa neno lake lilikuwa limechanganyika na la wale ambao hawakuwepo. Hakimu alituangalia kwa huruma, nadhani, lakini kesi tulishindwa. Tingatinga ikabaki yetu, vile ilivyo.

Hakuna aliyenilaumu. Ningependa mmoja angenigombeza tu kidogo.

Sasa imesimama ukingoni mwa silanga, na mkono umelala kwenye mchanga. Shimo tunalichimba kwa jembe, limefika kiunoni. Kila tukikutana napanda kwanza, napangusa kiti, nashika zile rodi za kuuongoza mkono, naona akilini mkono ukinyanyuka na udongo mwekundu, na maji yakijaa nyuma yake hadi mbuzi wa ng'ambo walazimike kuzunguka.

"Dereva wetu! Shuka, jembe lako linakungoja!" mmoja wao ananiita.

"Nakuja, mwaitu, mama yangu. Napasha injini moto tu!"

Wanacheka hadi wanaegemea majembe. Injini bado ni nzima, hiyo haikuwa na makosa. Juzi mwenyekiti aliniletea dizeli ndani ya chupa ya soda, akasema, "Iwashe, tuisikie."

Nikaiwasha. Wakachimba na ule mngurumo, wakiimba juu yake. Nami nikavuta ile rodi ya kuinua, nikaishikilia vile nilivyofundishwa, taratibu, hadi dizeli ikaisha.

Halafu nikashuka, nikachukua jembe langu.