Gari Limeitwa, Kahawa Imenywewa

Wasichana waligombania mahali pa katikati. Kila asubuhi ya majira yale ya baridi, Dhiyab alipofungua mlango wa nyuma wa gari lake kule Rusaifa, karibu na mji mkuu Amman, walisukumana kwa mabegi ya shule, maana pale katikati ya kiti palikuwa na joto kama tumbo la paka aliyelala. Mara nyingi mshindi alikuwa Sidra, mjukuu wake, kwa kuwa yeye alitoka nyumba moja na gari.

"Babu ni wangu, na joto ni langu," aliwaambia wenzake.

"Joto ni la wote tunaolipa," alijibu binti wa mwoka mikate. "Sogea, wewe hulipi hata sumni!"

Dhiyab alicheka na kuwasha gari. Aliamini joto lile ni neema ya magari ya Amerika, na ili lisipotee alikuwa ametandika ngozi ya kondoo juu ya kiti. Mkewe, aliyeitwa Umm Wasan kwa jina la mtoto wao kama yeye alivyoitwa Abu Wasan, aliifua ngozi ile kila mwezi na kuianika juu ya paa.

Dhiyab alikuwa mtu mrefu, mwenye masharubu aliyoyachana kila siku kama anayekwenda kwenye gwaride. Jeshini alitumika tangu ujana mpaka alipostaafu, lakini vita hakuviona. Kazi yake ilikuwa kumimina kahawa katika ukumbi wa wageni wa maafisa: dele, birika la kahawa, mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia. Kabla ya kumpa mgeni wa kwanza, hujimiminia yeye mwenyewe na kunywa mbele ya watu, ili wageni wajue kwamba kahawa ni salama. Alikunywa finjani hizo za kwanza maelfu kwa maelfu, mpaka mkono ukawa unafanya kazi bila kuuliza kichwa.

Kiinua mgongo alikinunulia gari, moja ya yale magari ya mafuta na betri yanayoletwa kwa meli yakiwa yamekwisha kutumika, kisha yakauzwa katika eneo huru la biashara la Zarqa. Kwa gari hilo alipeleka wasichana wa mtaa shuleni, juu ya kilima, na kuwarudisha. Kazi ilimtosha. Zaidi ya hapo, ilimpa sababu ya kuchana masharubu.

Harufu aliisikia kwanza Sidra. Walikuwa wakiteremka mteremko wa machimbo ya fosfeti.

"Babu, nani anachoma sufu?"

Dhiyab alivuta pumzi. Kweli, palikuwa na harufu kama ya nywele zilizopitiwa na moto. Walipofika bondeni haikuwepo tena. Alisema ni takataka za watu. Lakini wiki ile ile, akiwa kwa kinyozi, mtu mmoja alimwonyesha kwenye simu gari la aina yake, hata rangi ile ile, likiwaka kando ya barabara ya uwanja wa ndege huku mwenyewe akiwa amesimama mbali, mikono kichwani.

"Hayo yameitwa," kinyozi alisema, wembe mkononi. "Hujasikia, Abu Wasan? Kiwanda kimeyaita yote yarudi karakana. Nyaya za chini ya kiti cha nyuma zinasuguana na chuma, zinachubuka, kisha zinapata moto. Wanabadilisha bure."

Kesho yake Dhiyab alivaa koti lake zuri akaenda kwa wakala wa magari hayo, Amman. Kijana wa kaunta aliingiza namba ya chasi kwenye kompyuta, akatikisa kichwa.

"Ami, tunayoyaita ni yale tuliyoyauza sisi. Hili halikupitia mlango wetu."

"Lakini ni gari lile lile, mwanangu. Jina moja, kiwanda kimoja, hata kilema ni kimoja."

"Ndiyo, ami, ila hili halikupitia mlango wetu."

"Basi na moto nao uambieni usiingie kwenye gari msilouza nyinyi."

"Lirudishe ulikolinunua."

"Limetoka Amerika! Nilibebe mgongoni niogelee?"

Watu kwenye foleni walicheka. Kijana naye alicheka, tena bila ubaya, kisha akaita namba inayofuata.

Shukri, fundi umeme wa mtaani, aliinua ncha ya kiti, akaona waya mnene wa rangi ya machungwa, akakishusha kiti taratibu kama mtu aliyefunua kapu akamkuta nyoka. "Huo una umeme wa kuua fahali," alisema. "Mimi siugusi, Abu Wasan. Nina watoto."

Ndipo Dhiyab akamwendea Haji Mutlaq, kaka mkubwa wa marehemu baba yake. Haji Mutlaq alikuwa ameongoza ujumbe wa wazee katika posa nyingi na katika kesi mbili za damu. Alisikiliza mpaka mwisho, akapiga fimbo sakafuni.

"Mkuu wa karakana ya wakala ni nani?"

"Anaitwa Mhandisi Kutaiba. Anakaa Zarqa."

"Babu yake namjua. Tutamwendea nyumbani. Kwenye kaunta mtu ni namba, nyumbani mtu ni mtu. Nimeomba damu ikasamehewa, Dhiyab, nitashindwa na waya?"

Umm Wasan aliposikia alishika kiuno. "Wazee wazima, na majoho yao, wanakwenda kuposa waya! Ukiuleta humu ndani utaulaza wapi?" Lakini usiku huohuo alilipiga pasi joho la mumewe, na alipomaliza akakaa nalo mapajani. "Mwambie huyo mhandisi," alisema hatimaye, "kwamba mtoto ndiye anayekaa pale."

Walikwenda Jumatano baada ya sala ya alasiri. Mhandisi Kutaiba aliwapokea mlangoni kwa heshima, akawaketisha karibu na jiko la gesi. Alikuwa bado kijana, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Kila mmoja mle ndani alijua mambo yatakavyokwenda. Mwenye haja hanywi kahawa ya nyumba. Finjani huwekwa mbele yake, yeye huiacha, na wote huitazama. Mwenye nyumba akikubali, husema, "Kunywa kahawa yako," na hapo shauri limekwisha. Asipokubali, wageni huondoka na finjani imejaa, na hakuna nyumba inayopenda aibu hiyo. Ndiyo maana Haji Mutlaq aliiamini finjani kuliko barua kumi.

Ila ndugu wa Kutaiba, aliyetakiwa kumimina, alikuwa amechelewa kazini. Kutaiba akachukua dele mwenyewe. Alilishika kwa mkono wa kulia. Finjani alizipanga kwenye sinia kama vikombe vya chai. Alipoinama mbele ya mzee wa kwanza, kahawa ikamwagika kwenye mkono wa joho.

"Samahani, ami! Samahani sana."

"Si kitu, mwanangu, joho lilikuwa na kiu," mzee alisema, na watu wakacheka kidogo.

Dhiyab hakuweza kuvumilia. Alikuwa ameinuka kabla hajajua ameinuka. "Lete, mhandisi, lete nikusaidie." Dele likaenda mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia. Alimimina funda moja, si zaidi, kama inavyopasa. Mkono ukapanda. Akanywa.

Jiko la gesi lilisikika likivuma.

"Dhiyab," Haji Mutlaq alisema.

"Naam, ami."

"Umekunywa."

Dhiyab alitazama finjani mkononi mwake. Ilikuwa tupu, na ladha ya iliki ilikuwa bado ulimini. Alitamani sakafu ifunguke.

"Mkono umeteleza, mhandisi," Haji Mutlaq alisema haraka. "Huyu alikuwa mmimina kahawa jeshini. Ni mkono wa mazoea, si mkono wa haja. Sisi tumekuja kwa ajili ya gari lake..."

Kutaiba alikuwa ameinamisha macho. "Wazee wangu, mmeniheshimu, na nyumba ni yenu. Mnalotaka kusema nalijua, kijana wa kaunta aliniambia. Nyaya hizo zinakuja na namba ya gari. Nikizitia kwenye gari lisilo letu, kesho mimi niko barabarani na watoto wangu." Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo: "Na mwenye haja amekwisha kunywa. Aliyekunywa hana haja."

"Mkono huteleza, mwanangu."

"Huteleza, ami. Lakini kahawa hairudi kwenye dele."

Wakanywa wote, maana hapakuwa na jingine la kufanya. Walipokuwa wakitoka, Dhiyab alibaki nyuma akitafuta viatu vyake. Kutaiba alikuwa ameshika kitasa cha mlango.

"Mhandisi, mimi sina haja tena," Dhiyab alisema. "Nakuuliza tu kama fundi. Ni kawaida kiti cha nyuma kuwa na joto pale katikati, hata kipasha joto kikiwa kimezimwa?"

Mkono wa Kutaiba ulisimama kwenye kitasa. "Katikati wapi?"

"Anapokaa mjukuu wangu."

Kutaiba alimtazama machoni. "Nenda polepole, ami," alisema.

Kurudi ilikuwa safari ndefu. Haji Mutlaq alikataa kukaa nyuma. "Mimi nitakufa kwa aibu kwanza, moto ungoje zamu yake," alisema, akajipachika mbele. Baada ya kitambo akaongeza, "Kama ungekuwa bwana harusi, tungerudi bila bibi na mahari tumeacha." Hakuna aliyecheka. Dhiyab aliendesha huku masikio yakimwaka.

Alhamisi mvua ilinyesha. Alisema moyoni kwamba leo hatoki, kisha akaona kupitia dirishani wasichana wamejibanza chini ya kibaraza cha duka, mabegi vichwani. Akatoka. Akamweka Sidra mbele, kando yake. Binti wa mwoka mikate akaruka katikati kwa shangwe, "Leo ni langu! Leo ni langu!" na Dhiyab akajisikia kama mtu aliyeiba. Alimwokoa mtoto wake, akamkalisha palepale mtoto wa mwenzake.

Kwenye mteremko wa machimbo harufu ikaja, na safari hii haikuondoka. Alisimamisha gari kando ya barabara. "Tokeni! Wote! Acheni mabegi!" Waliteremka kwenye tope, wakasimama mbali, mvua ikiwapiga, naye alisimama mbele yao mikono imetanuka kama kuku mbele ya vifaranga. Walingoja. Moshi haukutokea. Lori likapita likawarushia maji. Binti wa mwoka mikate alianza kulia, si kwa hofu bali kwa viatu vyake. Mwisho wakapanda tena, na Dhiyab akawafikisha kwa mwendo wa punda, madirisha yote wazi.

Jioni mama wawili walibisha mlango. Walizungumza na Umm Wasan kwa adabu. Walisema kuna mtu wa basi dogo, ni ghali kidogo, lakini watoto hawalowi.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, gari jingine lilisimama mbele ya nyumba ya Dhiyab. Kutaiba aliteremka amevaa nguo za nyumbani, sanduku la zana mkononi. Salamu alizikata fupi.

"Lifungue, ami. Na huyo mtoto aingie ndani."

Alikata umeme wa betri kubwa kwanza, akavaa glavu nene za mpira, akangoja umeme uliobaki uishe. Kisha akang'oa ngozi ya kondoo, akafungua bolti na kukiinua kiti chote. Alimwashia Dhiyab tochi aone. Chini ya mahali pa katikati, fungu la nyaya lilikuwa limelalia ukingo wa chuma. Ganda lake lilikuwa limeliwa, na sehemu moja limeyeyuka na kuganda jeusi kama lami. Sponji ya kiti juu yake ilikuwa imeungua tundu la ukubwa wa finjani. Kutaiba aliigeuza ngozi ya kondoo. Sufu ya upande wa chini ilikuwa kahawia, na alipoipitisha kidole ikavunjikavunjika.

"Kwa ngozi hii joto lilikosa pa kutokea," alisema.

Dhiyab alikaa kwenye kizingiti. Alikuwa akimkumbuka Sidra akisema joto ni langu.

Kutaiba alipiga picha, akafungafunga ncha za waya, akanawa mikono kwenye bomba la uani. Umm Wasan alileta dele na finjani. Dhiyab alimimina. Akanywa ya kwanza, na safari hii ilikuwa haki yake, maana nyumba ilikuwa yake. Ya pili akampa mgeni kwa mkono wa kulia.

Kutaiba aliipokea. Akaiweka chini mbele yake.

Umm Wasan, aliyekuwa mlangoni na sahani ya biskuti, alisimama palepale.

"Nina haja, ami," Kutaiba alisema.

"Sema, mwanangu."

"Usiliwashe gari hili mpaka nikuletee nyaya mpya. Lini, sijui. Hizi picha nitazipeleka kwa wakubwa Jumapili, ofisi zikifunguliwa. Huenda wakakubali, huenda wakanifukuza."

"Na wakikataa?"

"Haja yangu ni ileile."

Dhiyab alitazama gari, kiti kimesimamishwa ukutani kama jino lililong'olewa. Aliwaza mama wawili wa jana, na wale ambao wangekuja kesho. Aliwaza asubuhi bila funguo mfukoni, na kilima, na mvua ambayo ilikuwa bado haijamaliza. Kahawa iliacha kutoa mvuke. Kutaiba hakuigusa, wala hakumhimiza.

"Abu Wasan," mkewe alisema polepole, "kahawa ya mgeni inapoa."

"Naiona, mama." Alipitisha kidole kwenye masharubu. "Kunywa kahawa yako, mhandisi."

Kutaiba akanywa, ilivyokuwa baridi, yote.

Jumapili, shule zilipofunguliwa baada ya mapumziko ya Ijumaa na Jumamosi, Dhiyab alichana masharubu, akatoka kwa miguu. Wasichana waliobaki walikuwa watatu. Alibeba mabegi yote, mawili begani na moja mkononi, akampa Sidra mkono uliobaki wazi. Walipofika mahali kilima kinapoanza kupanda, mtoto aliingiza vidole vyake ndani ya mkono wa joho la babu yake, akitafuta.

"Babu, huku hakuna joto."

"Hakuna," Dhiyab alisema. "Tembea, mama. Tembea."