Feni ya Bafu ya Mama Mkwe

Nyumba yangu ya Kibirichia imejengwa na viazi. Sisemi kwa utani. Kila jiwe pale limetokana na gunia nililobeba kwa mgongo huu huu, kabla sijawa mtu wa kubebewa. Shule niliiaga darasa la nne, na bado ni mimi wa kwanza upande wetu kuweka bafu ndani ya nyumba, lenye vigae mpaka juu na maji moto yanayotoka ukutani. Watu walikuwa wakija kunywa chai wanaomba kwanza kuliona.

Baridi ya kwetu inajulikana, kwa hiyo bafu hilo nililiziba sawasawa. Kidirisha cha kioo kisichofunguka, na mlango uliokaza mpaka unausukuma kwa bega.

Halafu mama mkwe akaja kutoka Siakago. Kifua kilikuwa kinamsumbua, na daktari wa Meru mjini alitaka kumwona kila wiki mpaka dawa zishike. Asafiri kutoka Siakago kila wiki na kifua kile? Nikasema atakaa kwetu mpaka atuchoke. Siku ya kwanza akaoga nikiwa shambani. Niliporudi nilimkuta ameketi amechoka kwa kukohoa. Sisi kwa desturi mama mkwe na mkwewe hawaongei ovyo ovyo, maneno hupitia kwa binti hata kama mko chumba kimoja. Basi akamwambia mke wangu:

"Mwambie mume wako asante. Lakini nimeoga ndani ya wingu. Na kule juu kuna weusi unanuka kama gunia bichi. Jumamosi narudi kwangu."

"Na daktari, mama?"

"Daktari atanitibu nini, na bafu linanirudisha nyuma?"

Mke wangu alinigeukia. Alinitazama tu, na mimi nikajua nina mpaka Jumamosi hiyo kulitengeneza bafu.

Asubuhi niliingia bafuni na tochi, nikafungulia maji moto, nikafunga mlango, nikasimama na nguo zangu zote nikiangalia. Mvuke ulipanda, ukagonga dari, ukakaa hapo hapo. Kwenye kona kuvu ilikuwa imetanda, na nilipoigusa rangi ilibanduka. Ugonjwa huo naujua, ni ule ule wa stoo ya viazi. Viazi vinapumua, unyevu hauna pa kutokea, kesho unamwaga gunia zima. Vya kwangu haviozi, muulize yeyote, kwa sababu stoo zangu zinaingiza hewa chini na kuitolea juu.

Jirani yangu aliposikia nataka feni ya kutoa mvuke akaja na ushauri.

"Ielekeze darini tu, bosi. Huko juu nani ataona?"

"Mbao zitaona," nikamwambia. "Zikioza nije nilale kwako?"

Bafu nililipima kwa kamba, nikaenda nayo Meru kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikaitandaza juu ya kaunta. Kijana wa duka alicheka, lakini alitoa futi yake akaipima kamba hiyo. Akaniletea feni mbili. Moja ya bei ya chini, akaisukuma kando. Nyingine nyeupe, nyembamba.

"Hii, mzee, ukiiwasha hata hujui imewaka. Ndiyo wanaweka kwa mahoteli."

Mahoteli! Ningechukua ipi tena?

Ukuta nilitoboa mwenyewe kwa tindo, juu karibu na dari, upande usio na mlango ili hewa ikatize chumba chote. Bomba la feni nikalilaza likiinamia nje kidogo, maji ya mvuke yasirudi kwenye mota. Mlango nikaukata chini upana wa kidole, maana feni haivuti hewa isiyoingia. Waya nilimwachia fundi wa stima. Mimi ni jasiri, si mjinga. Kuvu nikaikwangua, nikapaka rangi mpya. Kisha nikashika karatasi ya chooni mbele ya feni, ikanaswa ikabaki pale. Nilimwita mke, nikamwita jirani, nikaita na waliokuwa wanapita barabarani na mali yao.

"Sasa mama aoge," nikasema.

Hakuoga. Alijifuta kwa beseni jikoni. Kesho yake beseni tena, na Ijumaa nikamwona akikunja nguo zake.

"Mama yako anataka nini?" nikamuuliza mke wangu. "Nimletee mto mzima aoge?"

Akacheka mpaka akaketi. "Baba watoto, kiti chako kimeegemea ukuta gani?"

"Wa bafu. Si ndio wenye joto?"

"Feni yako iko kimya. Mlango umeukata. Mama akijimwagia maji unasikia kila tone. Mama mkwe aoge na mkwewe anasikiliza? Afadhali akohoe Siakago."

"Basi nitakuwa natoka nje."

"Atajuaje umetoka? Atangaze kwamba anaenda kuoga?"

Jioni hiyo hiyo nikamwita fundi wa stima aifungue feni.

Jumamosi duka lilipofunguliwa nilikuwa mlangoni, feni ikiwa kwenye boksi lake.

"Imeharibika, mzee?"

"Iko sawa. Ubaya wake ni kunyamaza. Nipe ile yenye kelele."

"Ile ya chini?"

"Iwashe nisikie."

Akaiwasha. Ilinguruma mpaka wateja wakageuka.

"Huna kali zaidi?" nikauliza. Aliniangalia kama anayetafuta simu ya kuniitia watu.

Iliingia kwenye tundu lile lile. Fundi wa stima alitikisa kichwa, lakini aliifunga. Tulipobonyeza swichi paka alikimbia, na mke wangu ikambidi apige kelele ndio nimsikie. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye veranda, mkoba miguuni, akingoja gari la kumpeleka Embu, apande jingine la Siakago. Alisikiliza. Akasikiliza tena. Kisha akainuka, akatoa taulo mkobani, akapita bila kututazama, akafunga mlango.

Nilikuwa kwenye kiti changu, na naapa sikusikia tone. Nikazunguka nje nikaona mvuke ukitoka ukutani, mweupe, mwingi, kama nyumba inavuta sigara. Alikaa humo hadi chai ikapashwa mara ya pili. Alipotoka hakukohoa. Uso ulikuwa unang'aa mafuta.

"Mwambie mume wako mashine yake inapiga kelele kama trekta."

"Anasikia, mama."

"Basi asikie na hili. Gari liende bila mimi. Lakini mtu atumwe Siakago aniletee sweta yangu nzito, huku kwenu ni baridi, na kuku wangu waachiwe jirani."

Mke wangu alikuwa ameshaushika mkoba, anaurudisha ndani.