Fundi Gani Alikufanyia Hivi?

Ukimpelekea Shoti gari, usitarajie afungue boneti akae kimya. Kwanza atainama, atashika kiuno, atatikisa kichwa kama daktari aliyechelewa kuitwa, kisha atauliza: "Fundi gani alikufanyia hivi?" Ana miaka ishirini na mitatu kwenye umeme wa magari, hasa yale ya zamani ambayo mafundi wanaopima magari kwa kompyuta hawataki hata kuyasogelea, na sidhani kama kuna gari lililopita mikononi mwake bila swali hilo. Tusidanganyane, mafundi wote wanaliuliza. Ila Shoti analiuliza kwa raha zake.

Basi siku hiyo, saa nne asubuhi, gari dogo la bluu likaingia uani kwake. Dereva alikuwa mwalimu mstaafu, mama mfupi wa miwani. Kando yake alikaa mwanawe, mtu wa ofisini, shati limenyooshwa na uso umekunjwa. Shoti akamtambua mama mara moja, akafuta mikono kwenye ovaroli.

"Shikamoo, Mwalimu. Umerudi lini huku?"

"Marahaba, mwanangu. Nimestaafu, nimerudi nyumbani. Gari ni lile lile, nimelibadilisha rangi tu."

Mwanawe akadakia. Taa kubwa ya kushoto inawaka kinyonge, gari limefeli ukaguzi mara mbili. Wiki iliyopita fundi wa mtaa wa pili alibadilisha balbu, akabadilisha na swichi, wapi. "Leo ndiyo mara ya mwisho," akasema. "Kituo cha ukaguzi kinafunga saa kumi. Likifeli tena, mimi na Mama tumekubaliana, linauzwa chuma chakavu."

Mwalimu alikuwa anapapasa usukani polepole. Miaka ishirini amejiendesha mwenyewe kwenda kazini na kurudi, na bila gari hilo angebaki kukaa barazani akingoja mwanawe apate nafasi ya kumpeleka hata sokoni. Shoti aliuona ule mkono, akamwonea huruma sana.

Na gari lenyewe alikuwa analipenda. Miaka kumi na miwili nyuma, mkewe, fundi cherehani, alishikwa na uchungu wa uzazi, na ni mwalimu huyu aliyemkimbiza Shoti hospitali kwa gari hili hili. Wakafika mtoto analia. Hadithi hiyo Shoti huisimulia kila mwaka binti yake anapoongeza umri, kila mwaka na chumvi kidogo zaidi, na siku zote huianza hivi: "Simu ikalia." Alikuwa anafanya nini kabla ya simu kulia, hakumbuki, wala hakuna aliyewahi kumuuliza.

Akawasha taa. Ya kulia ilikuwa nyeupe safi, ya kushoto njano kama uji wa mgonjwa. Akawasha indiketa ya kushoto, na taa kubwa nayo ikaanza kufifia kila indiketa ilipopepesa. Shoti akatabasamu.

"Balbu haina kosa, swichi haina kosa," akamwambia mtu wa ofisini. "Umeme unaingia vizuri, njia ya kurudi ndiyo mbovu. Waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi ya gari. Sasa umeme umekosa njia ya kurudi kwao, unaomba kupita kwa jirani, ndiyo maana taa na indiketa zinagombana."

Akachukua kipande cha waya, upande mmoja akaushika kwenye hasi ya betri, wa pili akaugusisha kwenye ethi ya taa. Taa ikawaka kuliko mwenzake. Mchomeleaji wa kibanda cha jirani, ambaye asubuhi hiyo hakuwa na kazi zaidi ya kuangalia za wenzake, akapiga makofi.

Makofi ndiyo yaliyomponza. Kichwa kikamvimba. "Fundi gani alikufanyia hivi, Mwalimu? Huyu aliyefunga ethi hii amelipua kazi. Halafu anajiita fundi, analala usingizi. Angekuwa mbele yangu sasa hivi ningemnyang'anya koleo, akatafute kazi nyingine."

"Ungemnyang'anya kweli?" Mwalimu akauliza.

"Naapa, Mwalimu. Mbele yako."

"Haya," Mwalimu akasema, akaweka miwani yake sawa.

Shoti akatandika gunia, akajilaza chini ya bampa, akaufuata waya kwa vidole mpaka kwenye skrubu. Ilikuwa imeota kutu, na ilikuwa imekazwa juu ya rangi, hakuna aliyejisumbua kuikwangua. Akafungua mdomo aendelee kutukana, ukabaki wazi hivyo hivyo.

Kiungo cha waya kilikuwa kimefungwa kwa uzi. Shoti haiamini tepu peke yake, joto huibandua. Kila kiungo chake hukimalizia kwa uzi wa mkewe, mizunguko saba, na mji mzima hakuna fundi mwingine mwenye mchezo huo. Uzi huu ulikuwa wa zambarau. Mkewe alishona kwa zambarau mwaka mmoja tu, alipopata kazi ya sare za shule, na tumbo lilikuwa limeshagusa meza ya cherehani.

Sasa yote yakamrudia. Alikuwa amelala chini ya gari hili, skrubu mkononi, ndipo simu ikalia. Akaikaza kama ilivyo, akainuka mbio.

Akatoa wembe, akaukata uzi, akautia mfukoni. Nani angejua? Waya mpya, skrubu mpya, na sifa angepata yeye. Lakini kule juu akasikia sauti ya mtu wa ofisini: "Nampigia yule fundi wa wiki iliyopita. Leo atanitambua. Kalipua kazi, Mama nusura apoteze gari."

Shoti akafumba macho. Akajikaza, akajiburuta akatoka, masikio yanamwaka moto.

"Usimpigie, bwana. Yule hana kosa. Kazi hii ni yangu." Akautoa uzi mfukoni, akauonyesha. "Niliifunga juu ya rangi, simu ikalia, nikaondoka. Nimeona aibu, Mwalimu. Nisamehe."

Mwalimu wala hakushtuka. "Siku ile nilikuwa nimesimama hapo na ufunguo, mimi ndiye niliyekwambia acha twende. Tangu hapo hakuna aliyegusa nyuma ya bampa. Ulipoanza kumtukana aliyefunga ethi, nikajua unamtukana nani. Nikasema ngoja nione kama atasema mwenyewe." Kisha akanyoosha mkono. "Koleo."

"Mwalimu, sasa nitafanya kazi na nini?"

"Masahihisho utafanya kwa koleo la jirani."

Mchomeleaji alicheka mpaka akashika ukuta, lakini koleo akalitoa. Mtu wa ofisini akakunja mikono ya lile shati lake, akashika tochi. Shoti akakwangua rangi mpaka bati likang'aa, akapiga msasa, akaweka skrubu mpya, akaipaka grisi, akafunga uzi mizunguko saba. Saa nane mchana taa zote mbili zilikuwa nyeupe, gari likaondoka.

Mchana ule Shoti hakukaa akatulia. Kila alipokwenda kuazima koleo, mchomeleaji alimuuliza ni fundi gani aliyemfanyia hivyo.

Saa kumi na moja gari likarudi, taa zinawaka jua likiwa bado kali, karatasi ya ukaguzi imebandikwa kwenye kioo. Binti yake Shoti alikuwa ndiyo kwanza anatoka shule, amekaa juu ya tairi. Mwalimu akashuka, akampa yeye koleo.

"Mpe baba yako. Amenyang'anywa kwa sababu yako."

"Mimi?" binti akauliza. "Nimefanya nini?"

Shoti akavuta kreti, akakaa karibu naye. Akamwekea ule uzi wa zambarau kiganjani, akaanza kumsimulia hadithi yao ya kila mwaka. Safari hii hakuanza na simu. Alianza na skrubu.