Nani Atampa Dawa Nyumbani

Siku yangu ya kwanza katika famasi ya hospitali ya Kamina, kule Kongo, msimamizi wetu alinikuta nahesabu vidonge haraka haraka ili anisifu. Hakunisifu. "Usiulize tu nani iko mugonjwa," aliniambia. "Uliza nani atamupa ile dawa kule nyumbani." Nikamwona mzee wa maneno mengi. Nilifanya kazi Mulongo, kisha Kinkondja, nikarudi Kamina, na swali lile nikaendelea kuliuliza kwa mazoea tu, hadi alipokuja binti wa Mama Ngoie.

Mama Ngoie alikuwa na mayeloma, saratani ya uboho ulio ndani ya mifupa. Mgongo ulimwisha nguvu, hata kuketi hakuweza. Daktari mkuu alihangaika mpaka akampatia lenalidomidi kutoka Lubumbashi, dawa inayoamsha kinga ya mwili ipambane na ugonjwa huo. Nilipouliza swali langu, binti alijibu kwamba ni yeye mwenyewe: "Njo minyi, mama. Nitaifungua, nitachanganya na uji." Halafu akasema polepole kwamba alikuwa na mimba changa.

Nilishtuka. Dawa za ukoo huo humlemaza mtoto tumboni. Zamani, ng'ambo, watoto walizaliwa bila mikono. Kapsuli haifunguliwi, na mwenye mimba haigusi. Majirani wao pale Base, kambi ya jeshi walikoishi, waliposikia hivyo, wote walikataa kuishika. Akabaki mume wa binti, askari, Muluba kama sisi. Na kwetu, kwa heshima, mwanamume hamkaribii mama mkwe wake, sembuse kumshika.

Daktari mkuu alisema pasipo mtu wa kumpa dawa, hataianzisha. Nikaenda mwenyewe nyumbani kwao. Askari alisimama mlangoni akitazama ukuta, jasho likimtoka. Mama Ngoie alijifunika uso kwa kitenge.

"Baba, ingia," alisema. "Minyi nasikia haya, lakini nataka kuona ule mutoto."

Akaingia. Akamwinua kichwa, akampa kapsuli nzima na maji. Ikawa hivyo kila jioni. Wenzake walimcheka kambini, hakuacha. Nililia njiani, sifichi.

Sasa nimestaafu. Mtoto alizaliwa salama. Nilitazama mikono kwanza. Ugonjwa haujaisha, ila umetulia, na Mama Ngoie anakwenda sokoni kwa miguu yake. Ninyi vijana wa famasi, lile swali msiliache.

Juzi nilimtembelea. Kapsuli anameza mwenyewe siku hizi. Mkwe wake alipotuona uani, alizunguka upesi nyuma ya nyumba, na Mama Ngoie akajifunika uso kama zamani. Sijawahi kufurahi hivyo kuona mtu akikimbiwa.