Kamati ya Kuaga Wengine

Pale kazini kwetu, kwenye ghala la asali mjini Tabora, mtu akihamishwa au akipata kazi kwingine hakuondoka kimyakimya. Alipikiwa pilau, akanunuliwa soda, na mwisho akasimamishwa mbele ya wenzake akavishwa kitenge kipya begani huku watu wakipiga vigelegele. Aliyekuwa akimvisha ni mimi. Aliyekodi masufuria, akachagua kitenge na kumkumbusha meneja asihutubie muda mrefu hadi chakula kikapoa, pia ni mimi.

Ilianza kwa bahati tu. Mwaka wangu wa kwanza mhasibu alihamia Dodoma, watu wakawa wanatazamana nani ashughulike, nami kwa kiherehere changu nikasema namfahamu mama mmoja anayekodisha masufuria. Basi. Kuanzia hapo nikaitwa Mama Kamati, ingawa kamati yenyewe haikuwa na mjumbe mwingine.

Kazi niliyoajiriwa nayo hasa ilikuwa ukarani wa mapokezi. Wafugaji wa nyuki waliteremsha ndoo zao kutoka Usinge na Urambo, mimi nikapima, nikaandika, nikabandika lebo. Niliipenda, sitasema uongo. Nguo zangu zilinukia asali hata kanisani. Nilipoajiriwa niliambiwa nivumilie kidogo, nitapanda kuwa msimamizi, halafu siku moja nitapewa kituo nikiongoze. Nikavumilia. Mwanangu alianza darasa la kwanza nikiwa kwenye kiti kile, akamaliza la saba nikiwa kwenye kiti kilekile.

Mama yangu anaishi kijijini, Lusu. Kila nilipokwenda kumsalimia aliniuliza kwa Kinyamwezi kama bado nipo palepale. Nilimjibu kwa Kiswahili, tena kwa ukali kidogo, kwamba kazi ni kazi. Niliona ananidharau, kumbe alikuwa anauliza tu.

Siku iliyonifumbua macho tulikuwa tunamuaga binti mmoja. Alikaa kwetu muda mfupi, akijifunza mezani pangu, na sasa anakwenda Mwanza kuwa msimamizi wa kituo. Nilimfunga kitenge kwa namna yangu, fundo juu ya bega la kushoto, ncha zikining'inia mbele. Meneja akasimama, akamsifu, akamtakia heri, kisha akanigeukia mimi.

"Hawa wengine waje, waende," alisema, "lakini huyu Mama Kamati wetu hatumwachii ng'o! Huyu tutazeeka naye hapahapa."

Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Nilikuwa nimeshapiga mara kadhaa ndipo maneno yakaniingia, mikono ikapoa. Niliwatazama wote wakicheka kwa upendo, na upendo wenyewe ulikuwa wa kweli, jambo lililoniuma zaidi. Mji wetu tangu enzi za misafara ni mahali watu walipotua mizigo, wakala, wakapumzika, wakaendelea na njia ya Ujiji au wakarudi pwani. Lazima alikuwepo mtu wa kuwapikia, ambaye hakwenda popote. Jioni ile nikikwangua ukoko kwenye masufuria ya watu nilimfikiria sana mtu huyo.

Kesho yake asubuhi nilimfuata meneja ofisini.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba, Mama Kamati. Karibu. Jana mambo yalipendeza kweli."

"Asante. Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu. Mimi hapa mbele yangu kuna nini?"

Alikuwa mtu mzuri, hakunizungusha. "Dada yangu, nikwambie ukweli. Hapa kwetu mtu wa mapokezi hapandi. Wasimamizi wanachaguliwa makao makuu, hapa wanakuja kujifunza tu."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani." Kisha akataka kunichekesha. "Halafu wewe ukiondoka, sisi tutaagwa na nani?"

Sikucheka. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Jibu lilikuwepo miaka yote, wala hakuna aliyelificha. Mimi nilikuwa nashughulika na mchele.

Sikuacha kazi siku ile. Mwanangu anasoma, na nyumba ni ya kupanga. Lakini niliacha kusubiri, na hilo peke yake lilinituliza. Nikaanza kuwadadisi wafugaji walipoleta ndoo zao, mpaka mama mmoja wa Usinge akaniambia kikundi chao kimejenga kituo chao wenyewe cha kukusanya asali na wanatafuta mtu wa kukiendesha. Mshahara ulikuwa mdogo kuliko wa mjini, na kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja cha bati. Lakini kikikua, nami nakua nacho. Nikakubali.

Wenzangu wakasema lazima niagwe. Siku mbili kabla ya sherehe nikapigiwa simu: "Mama Kamati, samahani, yale masufuria huwa tunakodi kwa nani?" Nikawaelekeza. Wakapiga tena kuuliza mchele, wakapiga tena kuuliza viungo. Pilau lenyewe likatoka na kiini, nikalila hivyohivyo.

Ulipofika wakati wa kitenge, kila mtu alimtazama mwenzake. Meneja akajaribu mwenyewe, kikaanguka sakafuni. Akajaribu tena, kikaanguka tena, watu wakaangua kicheko. Mikono yangu ilinyanyuka yenyewe kwenda kufunga, nikairudisha chini. Ndipo binti mpya wa mapokezi, aliyeletwa kukalia kiti changu, akasogea na kusema, "Hebu niacheni nijaribu." Akalifunga fundo juu ya bega la kushoto, likakaa vizuri kabisa. Vigelegele vikapigwa.

"Tumempata!" meneja akasema, amefurahi kutoka moyoni. "Mama Kamati mpya huyu hapa!"

Binti akatabasamu kwa fahari. Fahari ile niliijua. Nikamvuta kwangu nikamkumbatia, nikamwambia sikioni, "Mdogo wangu, safari nyingine wakikuita kufunga kitenge, sema hujui."

Akacheka, akadhani natania. "Jamani dada!" akasema, kisha akaniomba nimwachie mara moja, aende nyuma akaangalie kama soda zinatosha.