Mahali Nilipoandika Kuwa Ninaishi

Fomu ilikuwa na mstari mmoja ulionishinda. Jina niliandika, kazi niliandika kibarua, mke nikamwandika kwa herufi kubwa. Kisha: makazi ya kudumu. Karani wa Kitui aliniona nikiuma kalamu, akaniuliza kama sijui kusoma. Nilimwambia kusoma najua, jibu ndilo silijui.

Ningemwambia nini? Niliacha shule darasa la nne kwa sababu lori la wachimbaji visima lilipita mbele ya shule yetu Zombe, nami nikataka kuona maji yanatokea wapi. Darasani sikurudi. Tangu hapo nilikuwa nimekata mkonge, nimebeba mataruma ya reli, nimechoma matofali, nimetunza mizinga ya watu, na kila kazi niliiacha karibu na siku nilipoielewa. Nikilala mahali pamoja mwaka mzima, miguu ilianza kuniwasha.

Wakati huo tulikaa Kibwezi, chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga unga. Mashine ikiwashwa, sufuria zilitembea zenyewe mezani. Mke wangu alitoka Rombo, upande wa Tanzania, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Alikuwa amevuka na shangazi yake kuuza ndizi, enzi ambazo watu walivuka kama anayekwenda kwa jirani kuomba chumvi. Siku ya kwanza tulipozungumza alicheka Kiswahili changu, na sehemu kubwa ya Kiswahili ninachoandika leo ni chake.

Kisha mpaka ukafungwa, na wageni wakaambiwa wajiandikishe. Yeye alipewa kibali cha miezi mitatu. Kabla hakijaisha, mume wake alitakiwa ajaze fomu ile ya kumdhamini: aonyeshe kwamba wameoana, na kwamba ana nyumba. La sivyo angerudishwa kwao, na hakuna aliyejua kama aliyerudi angeruhusiwa kuvuka tena.

Nyumba sikuwa nayo. Hata kile chumba mwenye mashine alikitaka, aweke magunia. Na kuoana tulikuwa tumeoana kwa maneno yetu wawili tu, bila mtu wa kuapa kwamba aliona.

Ndugu yangu mkubwa, aliyebaki Zombe kulima na kuwa mzee wa kanisa, alinipa kipande cha shamba nijenge. Lakini chifu wa kwetu, ambaye ndiye wa kutuandikia barua ya kuthibitisha ndoa, alituuliza swali moja: "Ntheo ililiwa wapi?"

Ntheo ni mbuzi watatu wanaotangulia mahari yote. Wawili hubaki kwa baba wa binti, na beberu huchinjwa pale pale, pande mbili zikala. Bila hao, mwanamke anaweza kukaa kwako akakuzalia watoto sita, na kwetu Ukambani bado ahesabiwe mgeni aliyechelewa kuondoka.

Wazee wawili wa ukoo walijitolea kunisaidia. Nichinje beberu mmoja hapo Zombe, wale, kisha waape mbele ya chifu kwamba waliiona ntheo ikipokelewa. Nililipenda shauri hilo kwa kuwa lilikuwa fupi. Nikarudi Kibwezi kumpa mke wangu habari, nikidhani atafurahi. Alikuwa akifua, na hakuinua kichwa.

"Baba yangu yuko hai," alisema. "Mkimla mbuzi wake bila yeye, mmemzika."

Chini ya kitanda nilikuwa na mabati. Niliyakusanya moja moja kwa miaka miwili, kitu pekee nilichowahi kukusanya maishani, na yalikuwa ya nyumba. Niliyapeleka kwa mzee mmoja Msomali aliyefanya biashara ya mifugo kando ya barabara ya Mombasa, nikayabadilisha kwa mbuzi majike wawili na beberu. Aliposikia ni wa kuoa, alimrudisha zizini yule beberu niliyemchagua. "Huyu sikio limechanika," alisema. "Mkweo ataangalia masikio ya mbuzi kabla ya kuangalia yako."

Mke wangu alituma neno kupitia kina mama wa Kimaasai, ambao bado walivuka na vibuyu vyao vya maziwa bila kuulizwa na mtu. Jibu lilirudi: baba yake angekuja mpakani siku ya soko. Ndugu yangu akaja kwa basi kutoka Zombe awe shahidi. Mke mwenyewe hakuweza kwenda, kwa kuwa angekamatwa karibu na mpaka na kibali kile, tungekosa vyote. Nilimuuliza kama kuna kingine cha kupeleka. "Fanyeni ya kwenu," alisema, akaendelea kutufungia viazi vitamu.

Tulitembea siku tatu, tukipita kwenye mawe meusi ya Chyulu yanayokata kwato na viatu sawasawa. Ndugu yangu alilalamika juu ya jua, juu ya magoti, juu ya mama yetu aliyenizaa. Mimi niliuliza kila tuliyekutana naye jina la kila kilima. Naandika kwa aibu kwamba zile ndizo siku nilizofurahi zaidi mwaka ule, wakati mke wangu amekaa chumbani akisikiliza kama kuna gari la askari.

Mpaka wenyewe ulinivunja moyo. Nilitarajia ukuta, au waya angalau. Palikuwa na njia ya ng'ombe na jiwe lililopakwa chokaa. Mbuzi walivuka wakifuata majani kabla sijamsalimu mtu.

Mkwe wangu alikuwa mzee mfupi mwenye koti la mvua, akiwa na wenzake wawili. Aliwashika mbuzi masikio, mmoja mmoja. Kisha akatazama mikono yetu.

"Pombe iko wapi?"

Ndugu yangu alimweleza kwa heshima kwamba sisi ni watu wa kanisa, hatunywi. Mzee akajibu kwamba hata yeye ni mtu wa kanisa, na kwamba swali lake lilikuwa juu ya pombe. Kwao neno la ndoa halisemwi koo zikiwa kavu, na asiyekunywa hakuona kitu, hata akiwa ametoa macho. Nilisimama pale na mbuzi wangu watatu, mtu aliyeuza paa la nyumba yake kuja mahali mikono mitupu.

Mzee akamwashiria mwenzake, naye akatoa kibuyu nyuma ya kichaka. Binti alikuwa ameshamtumia neno kwamba tutakuja hivyo. Alikunywa, akanipa nikanywa, kisha akaijaza kata, akampa ndugu yangu.

Ndugu yangu aliishika muda mrefu. Bila yeye sikuwa na shahidi.

"Ndani kuna nini?" aliuliza.

"Ndizi na ulezi."

"Kama uji."

"Ni uji," mkwe alisema. "Umelala siku chache tu."

Akanywa. Alipomaliza, aliniambia kwa Kikamba kwamba mke wake asisikie, na mchungaji asisikie zaidi. Beberu akachinjwa juu ya ile njia ya ng'ombe, nasi tukala, wao upande wao, sisi upande wetu. Tulipoagana, mzee alinikabidhi mche wa mgomba uliofungwa kwa majani makavu, wa binti yake.

Mbele ya chifu ndugu yangu aliapa kwamba alikula na aliona. Chifu hakuuliza zaidi. Nilijenga Zombe kwa fito na udongo, nikaezeka nyasi, na naibu wa chifu akaja kukagua. Alisukuma ukuta kwa bega, akatazama mafiga, akauliza mlango uko wapi, maana palining'inia gunia.

"Mlango ungemzuia nani?" mke wangu alisema. "Anayetoka kila mara ndiye huyu."

Naibu alicheka, akaandika kwamba nyumba ipo.

Kibali kilitoka cha mwaka mmoja. Kingeongezwa kila mwaka, karani alisema, ilimradi mdhamini bado anaishi mahali alipoandika. Nilitoka ofisini nikiwa nimeshika karatasi ya mke wangu, na barabara nzima nikawa kama mimi ndiye niliyepewa masharti.

Mwaka wa pili lori la visima lilipita tena. Nilikimbia nalo hadi lilipopunguza mwendo kwenye korongo, nikashika ubao wa nyuma. Dereva alinipigia kelele kwamba nafasi ya kibarua ipo. Kibali kilikuwa kimebakiza wiki tatu.

Niliachia. Nyumbani nilimkuta mke wangu akiumwagilia ule mgomba maji ya kuoshea vyombo, ukiwa bado mfupi kama mtoto.

"Wanachimba wapi?" aliuliza.

Nikamwambia ni mtoni, ng'ambo ya soko.

"Maji yako chini kiasi gani?"

Sikujua.

"Si uende ukaulize," alisema. "Jioni urudi."

Nilikwenda. Jioni nilirudi, nikamwambia kwamba bado hawajayafikia.